Mali bila daftari: programu za hifadhidata zilivyotoka IBM hadi Ifakara

Na Mwandishi Wetu

Mkulima wa miwa wa Sanje halipwi kwa miwa, hulipwa kwa maandishi. Mzigo wake ukishapita kwenye mizani na kusagwa kiwandani, kinachobaki ni namba chache tu: namba ya mkulima, uzito wa tani, kiwango cha sukari kilichopimwa, na makato ya mbolea, ukataji na usafirishaji. Namba hizo zikikosewa, au zikiingizwa kwenye jina la mtu mwingine, jasho la msimu mzima linaweza kupotea bila mtu yeyote kuiba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Biashara ya leo imeongeza sharti jingine: daftari lenyewe likipangwa vibaya, mali hupotea vile vile. Programu za kompyuta zinazopanga daftari hilo huitwa programu za kusimamia hifadhidata za uhusiano. Benki, kampuni za simu, hospitali, viwanda na mamlaka za kodi huzitegemea kila siku, ingawa mteja hazioni.

Historia ya programu hizo imevuka miaka 50. Sehemu yake moja muhimu kwa Afrika Mashariki ilifanyika katika bonde hili la Kilombero, kusini mwa Sanje kwa barabara ya Mang'ula, mjini Ifakara. Huko ndiko zilikotumika kujibu swali lililokuwa zito kuliko la tani za miwa: je, chandarua kinachouzwa dukani kinaokoa maisha ya mtoto, au la?

UGONJWA WA MADAFTARI MATATU

Ili kuelewa kazi ya programu hizi, chukulia mfano wa chama cha wakulima wa nje wa miwa. Karani wa uanachama ana daftari lake la majina na mashamba. Karani wa mizani ana lake la tani. Mhasibu naye ana lake la mikopo na malipo. Kila mmoja huandika jina la mkulima upya, na kila mmoja huandika anavyolisikia. Ally wa daftari la kwanza anakuwa Ali katika la pili na Alli katika la tatu.

Siku ya malipo inapofika, kazi ya kuoanisha madaftari hayo ndiyo inayochelewesha fedha, na ndiyo inayozaa ugomvi. Mkulima akihama au akibadilisha namba ya simu, daftari moja litasahihishwa na mawili yatabaki na habari ya zamani. Akifariki na mtoto wake kurithi shamba, mambo huharibika zaidi.

Kompyuta za kwanza hazikuponya ugonjwa huo. Katika miaka ya 1960 kampuni kubwa za Marekani zilikuwa na kumbukumbu nyingi kwenye tepu na diski, lakini zimepangwa kwa mtindo wa mti: shina, matawi na majani. Mfumo maarufu wa aina hiyo ulikuwa IMS wa kampuni ya IBM, ambao chimbuko lake ni mradi wa Apollo wa kumpeleka mwanadamu mwezini. Chombo kile kina mamilioni ya vipuri, na kila kipuri kiko ndani ya kingine, hivyo mtindo wa mti ulifaa.

Tatizo lilikuwa moja. Ili kupata habari yoyote, mtaalamu wa programu alilazimika kujua njia ya kupita, kutoka shina hadi jani. Meneja akiuliza swali ambalo halikutarajiwa, programu mpya iliandikwa, na jibu lingeweza kuchukua wiki kadhaa. Mpangilio wa kumbukumbu ukibadilika, programu za zamani zilikwama.

WAZO LA CODD

Mwezi Juni 1970, mtafiti mmoja wa IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala ya kitaalamu iliyobadili mwelekeo huo. Alikuwa Edgar F. Codd, Mwingereza aliyesomea hisabati. Pendekezo lake lilikuwa rahisi kulieleza: kumbukumbu zote ziwekwe kwenye majedwali ya kawaida yenye safu za wima na za mlalo, na majedwali hayo yaungwe kwa namba au maneno yaliyomo ndani yake, si kwa njia zilizofichwa ndani ya mashine.

Tukirudi kwenye chama cha miwa, wazo la Codd linataka jedwali moja la wanachama, ambamo kila mkulima ana namba yake isiyofanana na ya mwingine. Namba hiyo huitwa ufunguo. Jedwali la mashamba haliandiki tena jina la mkulima, huandika ufunguo wake tu. Jedwali la mizani huandika namba ya shamba, tarehe, tani na kiwango cha sukari. Jedwali la mikopo nalo hubeba ufunguo ule ule wa mwanachama.

Faida yake ni kwamba kila habari huandikwa mara moja na mahali pamoja. Simu ya mkulima ikibadilika, hubadilishwa kwenye jedwali moja, na kila anayeuliza hupata namba mpya. Aidha, programu yenyewe inaweza kukataa makosa. Karani akijaribu kuingiza tani za shamba ambalo halimo kwenye jedwali la mashamba, mashine hugoma. Mzigo hewa na mkulima hewa hukosa pa kujificha, mradi jedwali la wanachama lenyewe ni safi.

Hatua ya pili ilikuwa lugha ya kuuliza maswali. Mwaka 1974 watafiti wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha waliyoiita SEQUEL, ambayo baadaye ilifupishwa kuwa SQL. Anayeitumia hasemi kompyuta ipite wapi. Husema anachotaka tu: nipe majina ya wanachama waliopeleka tani zaidi ya 50 msimu huu na bado wanadaiwa mbolea. Ni kama mteja anayemwambia muuza duka "nipe kilo mbili za sukari" bila kumfundisha iko rafu ipi. Programu ndiyo hutafuta njia.

Hatua ya tatu ilihusu usalama wa muamala. Mtafiti Jim Gray, aliyewahi kufanya kazi IBM, alifafanua kanuni kwamba muamala ama unakamilika wote au haufanyiki kabisa. Fedha zikitolewa kwenye akaunti ya chama na umeme ukakatika kabla hazijaingia kwa mkulima, programu ikiwaka tena hurudisha kila kitu kilipokuwa. Kwa nchi inayojua maana ya mgao wa umeme, kanuni hiyo haihitaji maelezo marefu. Gray alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima kubwa kabisa katika fani ya kompyuta, mwaka 1998. Codd aliipata mwaka 1981.

MWENYE WAZO ALICHELEWA SOKONI

Kibiashara, kisa cha IBM ni somo kwa kila mwenye bidhaa inayouzika. Kampuni hiyo ilikuwa ikipata fedha nyingi kwa IMS, hivyo haikuwa na haraka ya kuuza kitu ambacho kingeiua bidhaa yake yenyewe. Ilijenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R, na watafiti wake wakachapisha matokeo hadharani.

Wengine walisoma. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walianza mradi wa Ingres mwaka 1973. Mwaka 1977 Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walianzisha kampuni ndogo ambayo leo inaitwa Oracle. Mwaka 1979 waliingiza sokoni programu yao iliyotumia SQL, kabla IBM haijauza ya kwake. IBM ilitoa SQL/DS mwaka 1981 na DB2 mwaka 1983. Wakati huo mshindani alikuwa ameshapata wateja.

Mwaka 1986 SQL ilipitishwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani, na mwaka 1987 ikawa kiwango cha kimataifa. Kwa mnunuzi hilo lilikuwa jambo kubwa, kwani mtaalamu aliyejifunza kwa programu ya kampuni moja aliweza kufanya kazi na ya kampuni nyingine.

Lakini bidhaa hizo zilikuwa za mashine kubwa na mifuko mikubwa. Mfanyabiashara wa kawaida alifikiwa na kompyuta ndogo za mezani. Kwanza ilikuja dBASE ya kampuni ya Ashton-Tate mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha FoxPro ya kampuni ya Fox Software ya Ohio, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1992. Mwaka huo huo Microsoft ilitoa pia programu yake ya Access. Wataalamu walilalamika kwamba programu za mezani hazikutimiza masharti yote ya Codd. Hata hivyo zilifanya kazi kwenye kompyuta moja, katika ofisi moja, kwa bei ambayo mradi mdogo uliimudu. Hizo ndizo zilizofika Ifakara.

TANZANIA ILIVYOINGIA

Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mradi wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta ulishindwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Mwaka ambao lugha ya SQL ilizaliwa ndio Tanzania ilifunga mlango. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, na kufikia miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa, kompyuta za mezani zilikuwa zikiingia maofisini, hasa katika miradi na mashirika.

Mjini Ifakara kulikuwa na kituo cha utafiti chenye mizizi ya Kiswisi tangu miaka ya 1950, kilichoanzishwa na Profesa Rudolf Geigy wa Basel. Mwaka 1996 kituo hicho kilikuwa taasisi ya Kitanzania ya utafiti na maendeleo ya afya, na tangu mwaka 2008 kinajulikana kama Ifakara Health Institute.

Kituo kilikuwa na mpango wa kuuza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Mpango huo uliitwa KINET. Bidhaa yenyewe ilipewa jina la Zuia Mbu na kuuzwa kupitia mawakala wa vijijini, wakiwemo wenye maduka. Wajawazito na mama wenye watoto wadogo walipewa kliniki hati za punguzo la bei.

Swali la mwekezaji yeyote ni lile lile: faida iko wapi? Hapa faida ilikuwa uhai wa watoto, na huwezi kuuhesabu uhai bila kujua nani yupo, nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Vifo vingi vya watoto vijijini havikufika katika kitabu chochote cha Serikali.

KUHESABU WATU WANAOHAMA

Mwishoni mwa mwaka 1996 iliendeshwa sensa ya mwanzo katika vijiji 25, vijiji 13 vya Kilombero na 12 vya Ulanga, vyenye watu wapatao 52,000. Kuanzia Januari 1997 kila kaya ilitembelewa mara moja kila baada ya miezi minne. Wahoji walikwenda na vitabu vya kaya vilivyochapwa, wakaandika mabadiliko, kisha habari zikaingizwa kwenye kompyuta. Mto Kilombero wakati huo ulivukwa kwa pantoni, kwani Daraja la Magufuli lilifunguliwa mwaka 2018.

Kazi hiyo si nyepesi. Msimu wa mpunga familia nyingi za bondeni huhamia kwenye vibanda vya mashambani, mbali na nyumba zao. Mtu mmoja anaweza kuandikwa kijijini na tena shambani. Binti akiolewa kijiji cha pili anaweza kuonekana ametoweka huku na kuzaliwa upya kule. Kwa madaftari ya kawaida, watu 52,000 wangeongezeka na kupungua kwa makosa ya kalamu tu.

Programu iliyotumika iliitwa Household Registration System. Ilitengenezwa na wataalamu wakiwemo Bruce MacLeod na James Phillips kwa ajili ya kituo cha Navrongo, kaskazini mwa Ghana, ambako ilianza kazi mwaka 1993. Ilijengwa juu ya FoxPro. Ndani yake mlikuwa na majedwali: la mahali, la kaya, la watu, na ya matukio kama vile kuzaliwa, kufariki, kuhamia, kuhama na kuoa. Kila mtu alipewa namba ya kudumu, na namba hiyo ndiyo iliyounganisha majedwali yote.

Nguvu yake ilikuwa katika kukataa. Kifo cha mtu ambaye hajasajiliwa kilikataliwa. Mtoto asiye na mama kwenye jedwali la watu alirudishwa kwa mhoji akaulizwe tena. Aliyekwisha kufariki hakuweza kuhama. Kila kosa lililokataliwa lilimrudisha mtu kwenye baiskeli hadi kijijini, na gharama hiyo ya miguu na baiskeli ndiyo iliyofanya takwimu ziaminike.

JIBU LA CHANDARUA

Kwa kuwa kila mtoto alikuwa na namba, watafiti waliweza kuwatambua waliofariki, kuwalinganisha na waliokuwa hai katika majedwali yale yale, kisha kuuliza kwa kila mmoja kama kulikuwa na chandarua chenye dawa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet. Vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 1999 ni asilimia 18 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wakivitumia. Hata kwa kiwango hicho kidogo, ilikadiriwa kwamba kifo kimoja kati ya kila 20 cha watoto kilizuiwa.

Matokeo hayo yalikuwa na uzito sokoni pia. Yalionyesha kwamba chandarua kilichopita mkononi mwa muuza duka kinaweza kuokoa maisha, na kwamba punguzo la bei lina maana. Mwaka 2004 Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa Hati Punguzo, ambapo mjamzito alipewa hati kliniki na kuipeleka kwa muuzaji wa vyandarua.

Mbinu ya kuhesabu nayo ilisambaa. Rufiji walianza mfumo wa aina hiyo mwaka 1998. Novemba mwaka huo huo vituo vya nchi mbalimbali vilikutana Dar es Salaam na kuunda mtandao wa INDEPTH, unaounganisha vituo vinavyofuatilia kaya kwa njia hiyo. Ifakara mjini kuliongezwa kwenye mfumo mwaka 2007.

BEI ILIPOANGUKA

Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kwamba haitatoa toleo jipya la FoxPro, na huduma kwa toleo la mwisho ilikoma Januari 2015. Kila aliyejenga kumbukumbu zake juu ya programu hiyo alilazimika kutafuta pa kuhamia. Hilo ni somo la pili la kibiashara: anayekuuzia sanduku la kuwekea mali yako anaweza kufunga duka.

Bahati nzuri, wakati huo soko lilikuwa limegeuka. MySQL ya Sweden, iliyoanza mwaka 1995, na PostgreSQL, iliyotokana na kazi ya Stonebraker pale Berkeley, zilipatikana bure kwa yeyote anayezihitaji. Kampuni ya Sun Microsystems iliinunua MySQL mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni moja za Marekani, na mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun. Mmoja wa waasisi, Michael Widenius, alikwishatoa toleo huru aliloliita MariaDB. Programu ndogo ya SQLite, iliyotolewa mwaka 2000, imo ndani ya simu za mkononi karibu zote bila wenye simu kujua.

Ifakara nako, katika miaka ya 2010, walihamia OpenHDS, mfumo uliojengwa juu ya MySQL, na karatasi za wahoji zikapisha vifaa vya kielektroniki vya mkononi. Makosa sasa hugunduliwa mlangoni mwa kaya, si baada ya fomu kufika ofisini. Lakini kanuni ni ile ile ya mwaka 1970: mtu mmoja, namba moja, kila habari mahali pamoja.

GHARAMA ILIYOBAKI

Programu ikiwa bure, gharama imehamia kwingine, na hapo ndipo vyama na wafanyabiashara wa bondeni wanapaswa kuangalia kabla ya kusaini mkataba na muuza mfumo.

Kwanza, kazi ya kusafisha orodha ya wanachama haifanywi na mashine. Chama kinachoingiza madaftari matatu yenye makosa kitapata makosa yale yale kwa kasi kubwa zaidi. Fedha ya karani anayekwenda nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba iwekwe kwenye bajeti kabla ya fedha ya kompyuta.

Pili, mkataba useme wazi kwamba kumbukumbu ni mali ya chama, na kwamba zinaweza kutolewa zote katika majedwali yanayosomeka na programu nyingine. Asiye na haki hiyo ni mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Tatu, nakala ya akiba iwekwe mahali pengine mbali na ofisi. Muamala uliokatizwa na umeme utarekebishwa na programu, lakini diski iliyoungua au kuibwa haina wa kuirekebisha.

Nne, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kusajiliwa na Tume iliyoundwa kwa kazi hiyo. Majina, simu na madeni ya wanachama ni taarifa za namna hiyo.

Mwisho, mkulima mwenyewe apewe haki ya kuona safu yake: tani zake, kiwango chake cha sukari na makato yake, kwa karatasi au kwa simu, kabla ya siku ya malipo. Ifakara ilipohesabu watu wake, kila baada ya miezi minne mhoji alirudi mlangoni kuuliza kama kilichoandikwa bado ni kweli. Kwa mkulima wa Sanje, hakuna mkaguzi wa bei nafuu kuliko yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine anayezijua tani zake vizuri zaidi.